Umri Uliojificha Mzizini mwa Jino

Muulize ayeeyo yeyote pale Garissa alijifungua lini kifungua mimba wake. Hatakutajia tarehe. Atakwambia ni ule mwaka Bulla Karatasi ilipochomwa, nawe utapiga hesabu mwenyewe: Novemba 1980. Mwingine atasema mwanawe alikuja na mafuriko ya El Nino, yaani 1997 kuingia 1998. Kalenda hiyo inafanya kazi vizuri tu. Shida ni kwamba fomu za serikali haziielewi.

Kambi ya Ifo ilifunguliwa 1991, Dagahaley na Hagadera zikafuata 1992. Waliokimbia vita Somalia walifika bila vyeti, wakaulizwa tarehe ya kuzaliwa. Wengi wakaandikiwa 1 Januari, basi. Leo ukikutana na waliopitia Dadaab, wawe Eastleigh au Minneapolis, utadhani ukoo mzima ulizaliwa siku moja. Tunacheka, si ndio? Lakini kijana anayeomba hifadhi Ulaya hacheki. Akiwa na miaka 17 ni mtoto, atapewa mlezi na ulinzi. Akihesabiwa 18, anajitetea mwenyewe.

Ndipo jino linapoitwa kutoa ushahidi. Mwaka 2017 Uswidi ilianza kupima umri wa waombaji hifadhi, wengi wao Waafghani, Wasomali pia wakiwemo, kwa eksirei ya gego la mwisho na picha ya goti. Mantiki yake ni hii: jino huanza na taji, kisha mzizi hukua kwenda chini. Mwanzoni ncha ya mzizi huwa wazi na mfereji wa ndani ni mpana. Miaka ikisonga, kuta hunenepa, mfereji hupungua, ncha hujifunga. Mwaka 1973 Demirjian na wenzake waligawa safari hiyo katika hatua nane, A mpaka H. Watoto waliowapima walikuwa Wakanada wenye asili ya Kifaransa.

Sasa tuseme ukweli: mizizi haifanani. Gego moja lina mizizi miwili, jingine mitatu. Mfereji mmoja hunyooka, mwingine hujigawa. Gego la mwisho ndilo kaidi kuliko yote, na kuna watu halioti kabisa. Utafiti uliochapishwa 2004 uliona magego ya Waafrika Kusini weusi yakikomaa mapema kuliko ya Wajerumani. Ukimpima mtu kwa kipimo cha wengine, unaweza kumwongezea miaka ambayo hajaishi.

Hata Uingereza ilipita njia hii. Sheria ya viwanda ya 1833 iliweka mipaka ya umri kwa watoto, ilhali serikali ilianza kusajili vizazi 1837. Mwaka huohuo daktari wa meno Edwin Saunders, baada ya kukagua vinywa vya watoto zaidi ya 1,000, alilishauri Bunge litumie meno kama kipimo. Tatizo lilikuwa lilelile: sheria ilitaka kujua umri ambao maskini hakuwa na cheti cha kuuthibitisha.

Kenya nayo, mtoto asiye na cheti akifika kortini, daktari wa meno anaweza kuombwa akadirie umri. Na atakachotoa ni makadirio: kati ya miaka hii na ile. Ayeeyo anautaja mwaka wenyewe, na msimu wa mvua juu yake. Simu unayosomea hapa inarekodi sauti. Mkalishe chini, muulize nani alizaliwa lini, kisha upeleke majina hayo ofisi ya usajili kabla mtu hajaambiwa afungue mdomo.