Hita ya lori: kwa nini upande mmoja una joto na mwingine baridi

Kuanzia Juni hadi Agosti usiku wa Kondoa huwa na baridi, na madereva wa malori wa barabara ya Dodoma–Babati hutegemea hita. Lakini mbona dereva anapata joto huku utingo akitetemeka?

Hita hutumia maji ya moto ya injini. Yanapita kwenye rejeta ndogo nyuma ya dashibodi, na feni inapuliza hewa humo. Maji yakipungua, hewa ikinasa ndani au uchafu ukiziba, joto haligawanyiki sawasawa.

Tuanze na jambo rahisi. Injini ikiwa imepoa, angalia maji. Usifungue kamwe kifuniko cha rejeta ikiwa ya moto. Yakipunguapungua, tafuta panapovuja. Kisha pasha injini moto, izime, uguse kwa uangalifu mipira miwili ya hita. Mmoja ukiwa wa baridi, maji hayazunguki: fundi atoe hewa au asafishe rejeta hiyo. Yote ikiwa ya moto, kagua kilango kinachogawa hewa na matundu ya dashibodi.

Mkisubiri fundi, msiwashe jiko la mkaa ndani ya kabini. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, na huua watu wakiwa usingizini. Jifunikeni blanketi.