Kabla Hujaicheka Ngoma ya Mwenzako



Wiki chache nyuma nilikuwa na wateja watatu dukani: bibi harusi, mama yake na wifi yake mtarajiwa. Mimi napima kiuno, wao wanabishana habari za ngoma ya usiku wa akinamama. Mama anataka kidumbaki, kwa sababu ndicho alichochezewa yeye na mama yake. Wifi akacheka: "Mama, kidumbaki ni mambo ya shamba. Kwetu sisi tunapiga taarabu, ya udi na ganuni." Mama akanyamaza. Bibi harusi akainama, machozi yanamlenga.

Nilishindwa kumkemea yule wifi, maana mimi mwenyewe nilishasema maneno hayohayo. Harusi yangu ilipokaribia, bibi yangu mzaa mama alikuwa ameshawaita wapigaji wa kidumbaki kwa pesa zake za kuuza mikate. Nikamwambia awarudishe, wataniaibisha. Akawarudisha. Bibi ameshatangulia mbele ya haki, na lile jambo sikuwahi kumwomba radhi. Ndiyo maana leo nawaandikia historia badala ya mishono.

Tuanze na hiyo taarabu yenyewe tunayoiona ya kifalme. Inasimuliwa kuwa Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja toka 1870 mpaka 1888, alipenda muziki wa Misri, akampeleka Mohamed bin Ibrahim Cairo kujifunza kupiga ganuni. Kijana yule akarudi na akawafundisha wengine. Kwa hiyo hata muziki wa jumba la mfalme ulianza kwa mtu kwenda kwa watu wengine, akakaa chini, akafundishwa. Mwaka 1905 wanaume wa mjini wakaunda kikundi cha Ikhwani Safaa, ambacho kipo hadi leo. Nyimbo za wakati ule zilikuwa za Kiarabu, na wasikilizaji wake wengi walikuwa wakubwa wa mji.

Sasa njooni Fumba. Huko, mnamo 1880, alizaliwa mtoto wa wazazi waliokuwa watumwa, baba Mnyamwezi na mama Mzigua. Alipokua akawa anauza vyungu, anatembeza huku akinadi kwa sauti. Mwaka 1911 akahamia mjini. Huyo ndiye Siti binti Saad. Hakuwa na ukoo wa kujivunia wala elimu ya skuli, na wapo waliomtungia maneno ya kejeli kwa sura yake na asili yake.

Lakini Ali Muhsin, mtu wa Ikhwani Safaa, aliposikia sauti ile hakuuliza huyu ni mtoto wa nani. Akamfundisha kuimba. Siti akapata wenziwe, akina Subeti Ambar wa udi na Mbaruku wa fidla, wakapiga pamoja. Akaimba Kiarabu na Kihindi, na juu ya yote akaimba Kiswahili, lugha ya wachukuzi na wauza samaki wa Ng'ambo. Mwaka 1928 wakasafiri mpaka Bombay kurikodi sahani za santuri. Siti akaalikwa majumba ya wakubwa na huku Ng'ambo hakuisahau. Alifariki 1950, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu wake.

Basi jiulizeni: kama Ali Muhsin angecheka, akasema huyu ni wa shamba, sisi leo tungeimba nini?

Na hicho kidumbaki je? Ni ngoma mbili ndogo, fidla, cherewa, mikwasa, na sanduku la mbao lenye fimbo na kamba, linalotoa sauti nzito. Nyimbo zake nyingi ni zilezile za taarabu, zinaunganishwa moja baada ya moja na mwendo unazidi kukaza mpaka kila aliyekaa anainuka. Wazee wengine walikiita kitaarabu. Wapigaji wengi wa vikundi vikubwa walianzia hukohuko. Makame Faki alijulikana kwa kidumbaki na pia kwa kuimba na Culture Musical Club, kikundi cha tangu 1958. Wenye kazi yao hawaoni haya kuvuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Sisi tuliokaa vitini ndio tunaoweka mipaka.

Bi Kidude naye, aliyefariki 2013, alikuwa mwimbaji wa taarabu na papo hapo mpigaji wa ngoma za unyago. Hakuacha moja ili apate heshima ya nyingine. Na Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kilichofunguliwa 2002 pale Forodhani, kinafundisha taarabu, kidumbaki na ngoma chini ya paa moja.

Najua mtaniuliza habari ya dini. Juu ya muziki masheikh wetu wamekhitalifiana, na mimi ni fundi wa nguo, si wa fatwa. Nyumba nyingine harusi yao ni maulidi na dufu basi, nao tuwaheshimu. Lakini katika dharau hakuna khitilafu. Suratul Hujurat, aya ya 11, imetukataza kudharauliana, na wanawake tumetajwa peke yetu, kwani huenda unayemcheka ni bora kuliko wewe.

Haya niliwasimulia wale wateja wangu, pamoja na habari ya bibi yangu. Wifi hakusema kuwa amekosea. Alikaa kidogo, kisha akamgeukia yule mama: "Hilo sanduku, mama, linapigwaje?" Mama akachukua rula yangu na boksi la vitambaa, akaanza kumwonesha. Bibi harusi akacheka, nikalazimika kumpima kiuno upya.

Wewe uliye karibu kuolewa, kabla hujawarudisha wapigaji wa bibi yako, kaa naye umuulize ile ngoma ilimchezea nani. Mimi sikuuliza.

Mwenyezi Mungu amrehemu bibi yangu, na azitie baraka ndoa zenu. Amin.