Bustani Ndani ya Boma la Mawe

Ukitoka Magunga kuelekea kusini, vilima vya Gwassi unaviacha nyuma na bonde la Lambwe linabaki mkono wa kushoto. Bonde hilo liliogopwa kwa mbung'o na malale. Watu wakalikwepa, wanyama wakalimiliki. Leo ndipo ilipo Hifadhi ya Ruma, makao ya mwisho ya swala aitwaye korongo nchini Kenya. Mimi nilikuwa nikifuata nyayo za wafugaji na wahunzi wa kale, hadi Thimlich Ohinga, boma la kale la mawe upande wa Migori.

Wageni wengi huja hapa kwa ajili ya mawe, na sishangai. Kuta, nyingine zikipita kimo cha mtu maradufu, zimesimama bila saruji wala udongo, yamkini tangu karne ya 16, na mwaka 2018 UNESCO iliziingiza katika Urithi wa Dunia. Lango ni fupi makusudi: adui alilazimika kuinama, kichwa kikitangulia.

Ukishainuka ndani, tazama juu. Bondo, mti wenye matawi yanayopanda wima kama vishikio vya mishumaa, umeota palipokuwa na nyumba na mazizi. Utomvu wake mweupe huunguza macho, kwa hiyo usivunje tawi ili upige picha. Katika karne ya 20, hofu ya mashambulizi ilipopungua, wakazi wa mwisho walihama. Wajaluo waliendelea kuzungushia miji yao ua, ila sasa ua wenyewe ulikuwa wa ojuok, jamaa ya bondo. Kazi ya jiwe ikachukuliwa na mmea, na ndiyo maana anayetazama kuta tu anaondoka na nusu ya habari.

Ng'ambo ya Ziwa Viktoria, Waingereza walianzisha bustani ya mimea ya Entebbe mwaka 1898, wakajaribu humo mazao ya biashara kutoka nchi za mbali. Thimlich haikupangwa na mtaalamu yeyote; mimea yake ni ya nyika yenyewe. Elimu yake ilikaa vichwani mwa wazee, hadi Profesa John Kokwaro alipochapisha kamusi ya majina ya mimea ya Kijaluo mwaka 1972.

Lakini miti hiyo pia ni hatari kwa kuta. Mizizi husukuma mawe, na shina likianguka hubomoa kilichodumu karne nne. Wapo wanaotaka kila kitu kifyekwe. Kwangu hilo ni kosa: ng'oa mche unaochipua ukutani, bondo wa katikati ya boma uache.

Mwalimu wa Magunga, Karungu au Macalder anayewaleta wanafunzi hapa, basi aje pia na mzee anayeijua miti kwa majina, Kijaluo na Kisuba, na watoto waje na madaftari.