Mzimu wa Watu wa Kale

Riwaya ya upelelezi ya Muhammed Said Abdulla (1918–1991), mzaliwa wa Makunduchi, Unguja. Ilipata tuzo ya kwanza katika shindano la East African Literature Bureau la 1957/58, ikachapishwa mwaka 1960, na huhesabiwa kuwa riwaya ya kwanza ya upelelezi katika Kiswahili. Abdulla alianza kazi kama mkaguzi wa afya, kisha akaingia kwenye uhariri wa magazeti. Riwaya ilipotoka alikuwa akihariri jarida la Mkulima.

Bwana Ali, tajiri mwenye mashamba, anakutwa ameuawa penye mzimu. Kwa wengi shauri limekwisha hapo hapo, maana mzimu haushitakiwi. Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya hii, halikubali jibu hilo. Jina lake limetokana na herufi za kwanza za jina la mwandishi, na kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum anayechelewa kuelewa, havifichi kwamba Abdulla amemsoma Conan Doyle. Lakini aliloazima ni umbo tu. Bwana Msa hakimbizi mtu wala hapigi bastola. Anajaza kiko, anauliza nani kamzaa nani, nani kalelewa kwa nani, mali itamwangukia nani. Katika jamii ambayo ukoo na urithi vimefungamana hivyo, maswali ya namna hii humbana mtu kuliko pingu za Inspekta Seif wa polisi. Kasoro ipo: sadfa ni nyingi, na mara mbili tatu msomaji hulazimika kurudi nyuma kuupanga upya ukoo wa watu.

Kwa msomaji wa Mwanza, kitabu cha kukiweka kando ya riwaya hii kimetoka ng'ambo ya maji tu, Ukerewe. Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945, kwa Kikerewe, riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Ilichapishwa mwaka 1980. Humo mganga Kibuguma anamtibu Bugonoka kwa dawa zake, na mwanamke aliyenyanyaswa kwa kukosa mtoto anazaa. Kitereza hamcheki mganga wala hamtetei; anaeleza kazi yake kama anavyoeleza kilimo na utengenezaji wa pombe. Abdulla, kwa upande wake, anataka ushahidi, na mzimu wake hauna wakili hata mmoja. Hilo linaikaza hadithi, lakini linawafanya waumini wa mzimu waonekane wepesi wa akili kuliko walivyo watu wa visiwani, wa Unguja au wa Ukerewe.

Bwana Msa alirudi katika riwaya nyingine sita, kuanzia Kisima cha Giningi (1968) hadi Kosa la Bwana Msa (1984). Anayetaka kumjua aanze na hii ya 1960, na asikubali kusimuliwa mwisho wake.