Majina ya Wimbi, Busia hadi Tororo

Wimbi ninalosema hapa ni lile la uji na ugali mweusi, si la ziwani. Watanzania huliita ulezi, Wateso akima, Waluo kal, Waganda bulo. Asili yake ni nyanda za juu za Ethiopia na Uganda, na limelimwa kwa maelfu ya miaka. Kutoka Afrika lilifika hadi India. Kwa hiyo mtu akikuambia ni chakula cha washamba, mwambie limesafiri kumzidi.

Mpaka ulilikuta hapa. Tarehe 1 Aprili 1902 Waingereza waliukata Mkoa wa Mashariki wa Uganda wakautia upande ambao leo ni Kenya. Wateso wakajikuta nchi mbili, Wasamia vilevile. Miaka hiyohiyo serikali ya Uganda ikaanza kusukuma pamba ili watu wapate pesa ya kodi. Pamba ikachukua mashamba, kisha muhogo, kisha mahindi. Na mahindi ni rahisi bwana. Wimbi likiwa changa linafanana na gugu lake, ndugu yake wa ukoo mmoja, mpaka mkulima mzoefu huinama kuchungulia. Kuvuna ni kwa kisu, kichwa kimoja kimoja. Kazi hiyo nyingi walibebeshwa wanawake, ndiyo maana mimi siwalaumu walioliacha.

Lakini ghalani hakuna wa kulishinda. Punje ni ndogo mno, fukusi hapati pa kuingia, na linaweza kukaa miaka. Lilikuwa akiba ya njaa. Likawa pia ajon: unga unachachushwa, unakaangwa, unachanganywa na kimea, unamiminiwa maji ya moto ndani ya chungu, na wazee wanakaa duara na mirija yao mirefu. Ugomvi mwingi wa mashamba huku umeamuliwa kando ya chungu hicho.

Sasa sikiliza majina ya mbegu. Gulu E ina jina la mji wa kaskazini mwa Uganda, na inalimwa Kenya. Seremi imetoka kituo cha utafiti cha Serere, huko Teso. Kenya kuna Okhale. Hizo zina bahati, zimeandikwa. Zile za nyanya zetu zinaishi kwenye kibuyu na mdomoni tu.

Wafaransa walionja jambo hili. Kuanzia miaka ya 1860 mdudu aitwaye phylloxera, aliyetoka Marekani, aliangamiza mizabibu yao. Walipopanda upya, aina nyingi za kienyeji za divai nyekundu ziliachwa. Lakini wana shamba, Vassal, pwani ya Mediterania, kwenye mchanga ambao mdudu huyo hawezi kuishi. Tangu 1949 wanatunza pale zaidi ya aina 2,000 za zabibu, hata zile ambazo hakuna tena anayezinywa.

Sisi mchanga wetu uko wapi? Mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi wa Kenya, watu walivuka Busia na Malaba wakapelekwa Mulanda, Tororo, na wengine baadaye Kiryandongo. Mtu anayekimbia usiku hubeba mtoto na kitambulisho. Mbegu inabaki kwenye nyumba inayoungua. Akifika anapewa mahindi na maharagwe, na ni shukrani, lakini hakuna anayemuuliza alikuwa analima nini. Wewe wa shirika unayesoma hapa, swali hilo halina gharama. Liweke kwenye fomu yako, kabla ya kuleta magunia ya msimu ujao.

Kikundi chetu cha vijana kimeanza daftari. Tunakaa na kina mama wazee, tunaandika jina la mbegu, rangi, muda wa kuiva, na nani alikuja nayo kutoka wapi. Wanabishana sana, tunaandika na ubishi. Kuna majina tayari ambayo kila mmoja anayakumbuka, na hakuna hata mmoja mwenye mbegu yake.