Jicho la Samaki

Magari yaliyotumika Japani ni mengi hapa Kiseke, na baadhi yake yana picha ya ajabu: dereva akipiga rivasi, kioo cha dashibodi humwonyesha gari lake lote kutoka juu, kana kwamba kuna ndege anayeelea angani. Juu hakuna kamera yoyote. Zipo 4, mbele, nyuma, na moja chini ya kila saiti mira. Nissan ndio waliotangulia kuuza gari la namna hiyo, mwaka 2007.

Lenzi zake huitwa jicho la samaki, jina ambalo sisi watu wa ziwani tungepaswa kulionea fahari. Mwaka 1906 mwanafizikia wa Marekani, Robert W. Wood, alichapisha majaribio yake ya kutafuta jinsi samaki anavyouona ulimwengu wa juu. Aliweka bamba la kupigia picha katika ndoo, juu yake tundu dogo la kupitisha mwanga, akajaza maji. Maji hupinda mwanga, hivyo anga zima hujikusanya katika duara moja juu ya kichwa cha samaki. Sato aliye chini ya maji ya Nyanza anaweza kumwona mvuvi aliyesimama ufukoni, ila humwona amebonyea. Kamera nayo huona upana mkubwa kwa gharama hiyo hiyo: mistari iliyonyooka huipinda.

Kuinyoosha ni kazi ya hesabu. Mwaka 2000 Zhengyou Zhang, mtafiti wa Microsoft, alichapisha njia nyepesi: mchoro wa miraba myeusi na myeupe, mfano wa ubao wa drafti, huonyeshwa kwa kamera katika mikao kadhaa, na kompyuta hukokotoa kiasi cha kupinda. (Drafti! Wazee wa vijiweni wangecheka.) Kisha alama hutandazwa chini kuzunguka gari, programu ijue kila kamera imekaa wapi na imeelekea wapi, ndipo picha 4 zishonwe kuwa moja.

Programu hiyo hudhani ardhi ni bapa, kwa hiyo kazi hutaka mahali palipo sawa. Haya, msomaji, nitafutie uwanja ulio sawa katika vilima na mawe ya Mwanza! Chochote kilichosimama hujivuta kama kivuli cha jioni, na penye mishono, kwenye pembe za gari, kitu kidogo huweza kupotea. Fundi akibadili bampa na kuirudisha kamera kwa makadirio, picha haizimiki. Huendelea kung'aa, nayo imeshaanza kusema uongo.

Marekani ilipitisha sheria ya kamera za nyuma mwaka 2008, ikaipa jina la mtoto wa miaka 2 aliyekufa kwa kugongwa na baba yake aliyekuwa akirudisha gari nyumbani. Tangu Mei 2018 kila gari dogo jipya huko lazima liwe nayo. Uani kwetu watoto hucheza hapo hapo gari linapolala. Mimi hulizunguka kwa miguu kwanza, nikiwahesabu, ndipo niwashe.