Injini Ikinoki, Nani Analipa?

Mwaka 1963 wenye BMW 1500 walikuwa na kinyongo. Hawa ndio walioiamini kampuni wakati wengi walikuwa wameshaikatia tamaa. Mwishoni mwa 1959 BMW iliponea chupuchupu kumezwa na Daimler-Benz, na ni 1500 hiyo iliyoirudishia heshima. Watu wakalipa, wakangoja, wakapata gari la milango minne lenye injini ya farasi 80. Mara BMW ikatoa 1800: bodi lile lile, farasi 90. Aliyewahi kununua akaanza kupitwa barabarani na jirani yake aliyechelewa.

Kijana mmoja wa Kaufbeuren, kusini mwa Ujerumani, aliona biashara ndani ya kinyongo hicho. Burkard Bovensiepen hakutoka katika ukoo wa mafundi magari. Baba yake alikuwa na kiwanda cha taipureta na mashine za ofisini zilizouzwa kwa jina la Alpina. Yeye akaandaa seti ya kabureta mbili za Weber, kila moja ikiwa na makoo mawili. Injini ya 1500 ilikuwa na silinda nne zilizogawana kabureta moja ya kiwandani. Baada ya kazi ya Bovensiepen, kila silinda ilipata koo lake la kuvutia hewa na petroli. Gari la farasi 80 likamfikia mdogo wake wa farasi 90.

Hadi hapo hakuna ajabu. Mafundi wa kuongeza mwendo walikuwepo tangu magari yalipoanza kushindana. Ajabu ni karatasi iliyofuata. Paul Hahnemann, mkuu wa mauzo wa BMW, alivutiwa na kazi ile, na mwaka 1964 kampuni ikathibitisha ubora wake na kukubali kwamba gari lililofungwa kabureta za Alpina litabaki na dhamana kamili ya kiwanda. Tarehe 1 Januari 1965 Bovensiepen akasajili kampuni yake, yenye wafanyakazi wanane.

Habari za magari ya kasi kwa kawaida hukimbilia farasi na sekunde. Mimi naona sahihi ile ya 1964 ina uzito kuliko kabureta zenyewe, kwa sababu ilijibu swali ambalo biashara hii imekuwa ikilikwepa tangu kuzaliwa: injini iliyoguswa na fundi wa nje ikinoki, nani atalipa?

Swali hili lina mzizi wake ndani ya injini. Injini ya kiwandani hujengwa ikiwa na akiba. Mhandisi hajui gari litaangukia mikononi mwa nani, kama ni mtu wa kubadilisha oili kwa wakati au wa kungoja taa iwake, kama litaishi kwenye baridi au jangwani, kama litanyweshwa petroli safi au iliyochakachuliwa. Kwa hiyo pistoni, gaskiti ya silinda hedi, klachi na giaboksi hupewa uwezo unaozidi mahitaji ya kila siku. Fundi wa kuongeza nguvu anakula akiba hiyo. Akiingiza hewa na mafuta zaidi, mgandamizo na joto ndani ya silinda hupanda. Mchanganyiko ukiwaka kabla ya wakati wake injini hugonga, na ikigonga muda mrefu pistoni hutoboka. Hata injini ikistahimili, giaboksi halikupewa taarifa. Na waranti nayo imepigiwa hesabu juu ya akiba ile ile. Fundi na mwenye kiwanda wanachota katika kibuyu kimoja.

Marekani, kampuni zenyewe ndizo zilizouza magari makali kisha zikashtuka. Mwaka 1963 Chrysler iliwavutia wanunuzi kwa dhamana ya miaka mitano au maili 50,000, jambo kubwa kwa wakati ule. Lakini mwaka 1966 ilipoingiza barabarani injini yake ya Hemi ya lita 7, dhamana ya injini hiyo ikakatwa hadi miezi 12 au maili 12,000. Kampuni ilijua vizuri anayenunua Hemi anakwenda nayo wapi Jumapili. Mwaka 1968 ikaenda mbali zaidi. Magari ya Dodge Dart na Plymouth Barracuda yaliyotiwa Hemi kwa ushirikiano na kampuni ya Hurst, kwa ajili ya mbio za robo maili, yalibandikwa tangazo kwamba hayakutengenezwa kwa matumizi ya barabara za umma, na yaliuzwa bila waranti yoyote. Huo ni ukweli wa aina yake: chukua, na likifa ni lako.

General Motors ilikuwa na woga wa namna nyingine. Ilijiwekea mwiko wa ndani kwamba, ukiacha Corvette, magari yake madogo na ya kati yasibebe injini inayozidi inchi za ujazo 400, yaani lita 6.6 hivi. Don Yenko, muuzaji wa Chevrolet wa Canonsburg, Pennsylvania, ambaye pia alikuwa dereva wa mashindano, hakuwa na subira na mwiko huo. Kuanzia 1967 alichukua Camaro mpya, akang'oa injini iliyokuja nayo na kuweka ya inchi 427. Magari yalikuwa moto wa kuotea mbali. Lakini kila moja lilikuwa ni kazi ya gereji, na mteja aliyeua injini ya namna hiyo hakuwa na mlango wa kiwanda wa kubisha.

Njia aliyoipata Yenko ndiyo inayonifurahisha kuliko zote katika historia hii, kwa maana ilikuwa ujanja wa karani. Chevrolet ilikuwa na utaratibu ulioitwa COPO, yaani oda maalumu kupitia ofisi kuu. Uliwekwa kwa ajili ya wateja wa magari mengi, kama polisi na teksi, waliotaka rangi fulani au breki nzito zaidi. Kwa mwaka 1969 Yenko aliutumia kuagiza Camaro ambazo injini ya 427, iliyotajwa kuwa na farasi 425, ilifungwa kiwandani penyewe. Mwiko ulibaki pale pale ulipoandikwa, magari yakapita mlango wa nyuma, na yalitoka yakiwa na dhamana ya General Motors. Yenko alichukua Camaro zipatazo 200 za namna hiyo.

Muuzaji mwingine, Fred Gibb wa mji mdogo wa La Harpe, Illinois, alipita mlango huo huo akaumia. Yeye aliagiza Camaro 50 zenye injini ya ZL1, ambayo hata bloku lake lilikuwa la aluminiamu. Bei ilipokuja ilizidi dola 7,000 kwa gari, zaidi ya mara mbili ya Camaro ya kawaida. Wateja wakatazama, wakasifu, wakaenda zao. Nyingi zikarudishwa Chevrolet. Zilitengenezwa 69 tu kwa jumla, na leo mwenye moja huilinda kama yai.

Serikali iliingia mwaka 1975. Tarehe 4 Januari Rais Gerald Ford alitia sahihi sheria ya dhamana za bidhaa inayoitwa Magnuson-Moss, kwa majina ya seneta Warren Magnuson wa jimbo la Washington na mbunge John Moss wa California. Ndani yake mna kifungu ambacho wapenzi wa magari wa Marekani hukinukuu kama aya. Kampuni haiwezi kukuambia dhamana itabaki hai kwa sharti utumie chujio la oili lenye jina lake au gereji yake, isipokuwa ikupe kitu hicho bure au ipate ruhusa ya Tume ya Biashara ya Shirikisho.

Tatizo ni kwamba wengi husoma nusu tu. Sheria inamkataza mwenye kiwanda kufuta dhamana yako kwa sababu tu umefunga ekzosti ya nje. Dirisha la umeme likigoma, ekzosti haihusiki, na dirisha litatengenezwa. Lakini sheria haimlazimishi kulipia pistoni iliyoyeyuka kwa sababu ya turbo uliyoifunga wewe. Akionyesha kwamba kilichoongezwa ndicho kilichoua, mzigo unarudi kwako. Sheria iliamua nani aonyeshe ushahidi. Wakati ule ushahidi wenyewe ulikuwa mgumu kupatikana, na hilo liliwafaa mafundi.

Miaka 12 baadaye Reeves Callaway wa Old Lyme, Connecticut, alileta jibu la upande wa pili. Alikuwa amefunga turbo mbili kwenye Alfa Romeo GTV6, na kazi hiyo ikawavutia wahandisi wa Corvette. Kuanzia 1987 mteja aliweza kuingia kwa muuzaji wa Chevrolet, akaandika oda yenye alama B2K, na kuongeza karibu dola 20,000 juu ya bei ya gari. Corvette ilitoka kiwandani Bowling Green, Kentucky, ikasafirishwa hadi Old Lyme, injini ikashushwa, ikaimarishwa, ikapewa turbo mbili na kurudishwa. Iliingia na farasi 240, ikatoka na 345. Na dhamana ya mashine hiyo, miezi 12 au maili 12,000, ilibebwa na Callaway mwenyewe. Kama spana zake zingekosea, mfuko wake ungesema. Takribani magari 500 yalipita humo hadi 1991. Moja, lililopewa jina la Sledgehammer, lilifikisha maili 254.76 kwa saa huko Ohio mwaka 1988, sawa na kilomita 410, likiendeshwa na John Lingenfelter. Lilikwenda Ohio kwa magurudumu yake na kurudi nyumbani hivyo hivyo.

Ujerumani, AMG, gereji ya kuongeza nguvu magari ya Mercedes, nayo ilipita njia inayofanana. Hans Werner Aufrecht na Erhard Melcher waliianzisha mwaka 1967, na wakajulikana mwaka 1971 Mercedes yao kubwa nyekundu iliposhika nafasi ya pili katika saa 24 za Spa. Kwa zaidi ya miaka 20 walibaki watu wa nje. Mkataba wa 1990 na Daimler-Benz ndio uliowaingiza katika maduka ya Mercedes, na mwaka 1999 kampuni mama ikanunua hisa nyingi. Leo wengi wanadhani AMG ni ngazi tu ya bei.

Kisha kompyuta ikaja. Mwaka 1979 BMW 732i ilitoka na mfumo wa Bosch uitwao Motronic, uliounganisha uchomaji na upulizaji wa petroli chini ya kompyuta moja, hiyo ambayo mafundi wetu huiita kontroli boksi. Kuongeza nguvu hakukuhitaji tena kabureta. Ilitosha kubadilisha chipu, na baadaye kuchomeka waya na kuandika programu mpya. Kwenye injini ya turbo, dakika chache za kazi hiyo huweza kuleta farasi makumi. Unaweza pia kurudisha programu ya awali kabla ya kulipeleka gari kwa wakala, ukajifanya hujui kitu.

Ndivyo watu walivyodhani. Kumbe boksi lile lile linaweka daftari. Linahesabu limeandikwa mara ngapi, na wakala akichomeka mashine yake hulinganisha programu iliyomo na ile iliyosajiliwa makao makuu. Kwenye Volkswagen na Audi za Marekani, zisipolingana gari huwekewa alama ya TD1, na kuanzia hapo madai ya injini na giaboksi huweza kukataliwa. Ule ushahidi ambao sheria ya 1975 iliuacha kwa wenye viwanda sasa wanauchukua kwa waya mmoja.

Nissan GT-R iliyotoka Desemba 2007 ilionyesha kwamba hata fundi si lazima awepo. Gari lilikuwa na namna ya kuondoka kwa kishindo, ilimradi dereva azime mfumo wa kuzuia gari lisiteleze. Wamarekani wakaondoka kwa kishindo mara nyingi, magiaboksi yakavunjika, na baadhi walipodai dhamana wakaonyeshwa kwamba kitabu cha gari kinasema madhara ya kuzima mfumo huo hayalipiwi. Kumbukumbu za gari ndizo zilizowataja. Baada ya kelele, Nissan ilibadilisha programu ili gari liondoke kwa mizunguko midogo zaidi ya injini. Kwa maoni yangu wenye magari walikuwa na haki ya kulalamika: huwezi kumuuzia mtu kisu kwa sifa ya makali, kisha ukamkatalia kwa sababu amekata.

Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam anayeagiza Impreza kuukuu kutoka Japani pengine anacheka. Kwake gari hushuka bandarini waranti ikiwa imeshakufa zamani, mara nyingine likiwa na ekzosti na turbo alizofunga mtu asiyemjua. Likinoki, lisinoki, analipa yeye, basi mjadala hufungwa mapema.

Waliobaki na mjadala wanaelekea kule alikokuwa Hahnemann. Fundi Dinan wa California alijenga jina lake kwa kulinganisha dhamana yake na ya BMW, miaka minne au maili 50,000. Ford yenyewe huuza supachaja ya kuipeleka Mustang GT juu ya farasi 800, ikiwa na waranti endapo imefungwa na anayekubalika. Na mwaka 2022 BMW ilitangaza kulinunua jina la Alpina, ushirikiano wa zamani ukipangiwa kukoma mwisho wa 2025. Bovensiepen alifariki Oktoba 2023. Ngao ya Alpina ina picha mbili: upande mmoja krenki, upande wa pili kabureta.